Aya ya Mteja Mmoja

Kaka yangu tunamwita Risiti, na jina hilo hakupewa bure. Akiwa mdogo ukimtuma dukani, alirudi na chenji kwenye kiganja kimoja na karatasi ya mwenye duka kwenye kingine. Mwenye duka akisema hana karatasi, mtoto alisimama pale pale mpaka aandikiwe, hata kwenye kipande cha boksi. Siku moja mama alimwambia kwamba pesa ya mafuta ya taa imekwisha, naye akamuuliza kwa adabu zote, "Imekwisha kwa kununua nini, shangazi?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana jana yake alikuwa amenishtaki kwa ajili ya sukari, na nilikuwa bado sijapoa.

Ni kaka kwa malezi. Kwa hesabu ya ukoo ni mtoto wa mjomba wangu, yaani kaka yake mama. Wazazi wake walifariki akiwa bado anatambaa, mama akamfunga mgongoni, na tangu hapo akawa wetu. Anamwita mama shangazi kwa sababu ndivyo ilivyo, lakini mguse mama mbele yake, utajua ni mtoto wa nani. Mama alikuwa mfungaji kwenye kiwanda cha sabuni. Sabuni inakuja kwenye mkanda, unaivika karatasi, unaipanga kwenye katoni, katoni inaondoka, nyingine inakuja. Alifanya hivyo tangu usichana mpaka vidole vikakataa kunyooka. Ada ya Risiti ilitoka kwenye karatasi zile, na sare zake, na miwani yake ya kwanza. Mimi nilisoma nikachoka, nikaenda kujifunza ususi, na mpaka leo nauza misuko na maneno kwa bei moja.

Yeye akawa mkaguzi wa hesabu. Kwa muda mrefu nilidhani mkaguzi ni askari wa kukamata wezi wa maofisini, mpaka alipokuja saluni siku moja akanieleza huku namsuka mteja. Kampuni, alisema, inaandika hesabu zake yenyewe: nina mali hii, nawadai watu hawa, nimepata faida hii. Na nyani haoni kundule. Kwa hiyo anatafutwa mtu wa nje, anapekua, anadai ushahidi, halafu anaandika ripoti fupi kusema kama hesabu hizo ni za kuaminika au la. Na kama kuna jambo limemkosesha raha, anatakiwa aliandike humo humo, kwa uwazi, ili mwenye hisa alione kabla hajatoa pesa yake.

"Kwa hiyo nyinyi ni wasengenyaji wenye leseni," nikamwambia.

"Tofauti ni kwamba sisi tunasema mhusika akiwepo," akajibu, na mteja wangu akacheka mpaka nikamwambia atulize kichwa.

Alikuwa mkaguzi mkali. Hayo nilisikia kwa watu, si kwake. Kuna kampuni ya uchukuzi ilimpeleka uwanjani imwonyeshe malori yake, naye akakataa kuhesabu lori lolote mpaka liwashwe. Mengine hayakuwaka, mengine hayakuwa hata na injini. Kwa ukali huo akapanda, mpaka ofisi yake ikampa cheo cha wale wanaoruhusiwa kutia sahihi. Na si ofisi ya uchochoroni. Ni moja ya zile ofisi ambazo jina lake likiwa chini ya ripoti, hata benki inalegeza uso. Mama alinunua keki. Keki, jamani, mama yangu ambaye mkate huukata akiupimia macho.

Mwaka huo huo kiwanda cha sabuni kikabadilisha mkaguzi. Aliyekuwepo alikuwa mzee mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la viatu, na kila mwaka ripoti yake ilikuwa na aya za manung'uniko. Kiwanda sasa kilitaka kuuza hisa mpya, kikahitaji jina kubwa, na jina kubwa likamkabidhi Risiti kazi. Katika ufundi wao kuna desturi: anayeingia humwendea anayetoka, amuulize kama kuna sababu ya kuikataa kazi hiyo. Risiti akapanda ngazi za duka la viatu. Mzee akamkaribisha kiti, akamwambia atazame sana wadaiwa, yaani watu ambao kiwanda kinasema kinawadai. Kisha akamwambia, "Mimi waliniambia naandika vibaya. Wewe watakusifu kwamba unaandika vizuri. Siku wakikusifu, isome tena." Mitaani watu walisema kiwanda kimepata mkaguzi bora. Hakuna aliyeuliza yule wa kwanza aliachwa kwa nini.

Risiti aliwaambia wakubwa wake wazi kwamba aliyemlea alifanya kazi pale, na kwamba ana hisa kidogo walizogawiwa wafanyakazi zamani. Wakafungua kanuni zao. Zinataja mke, zinataja watoto, zinataja wazazi na ndugu wa tumbo moja. Shangazi hayumo. "Walioandika kanuni hawana mashangazi," Risiti akasema nyumbani akijaribu mzaha. "Basi wamekula hasara," mama akamjibu.

Sasa sikia palipo na uzito. Kiinua mgongo cha mama kilikuwa bado benki, kizima. Ndiyo pesa pekee aliyokuwa nayo duniani, malipo ya vidole vile. Kiwanda kilipotangaza kwamba hisa mpya zitauzwa kwanza kwa wanahisa wa zamani, tena kwa bei ya chini, mama akaamua: ripoti ya mkaguzi ikitoka safi, anaweka yote. Nilimwambia abakishe ya dawa na ya msiba, akanitazama kama nimetukana.

"Kile kiwanda kimetulisha," akasema. "Na sasa anayekitazama ni mwanangu. Unataka uhakika gani mwingine?"

Risiti alikuwepo, kikombe mkononi. Mama akamgeukia. "Wala usihangaike, najua mambo ya kazini huruhusiwi kuyatoa nje. Sitakuuliza kitu. Nitasubiri ripoti kama wenzangu." Risiti akainamia kikombe. Nilidhani chai ni ya moto.

Yaliyotokea huko ofisini niliyajua baadaye sana, kwa kinywa chake mwenyewe, lakini nayaweka hapa ili mtu asipotee njiani.

Hesabu za kiwanda zilipendeza. Mauzo yamepanda, faida imepanda. Ila karibu nusu ya mauzo hayo yalikuwa ya mkopo, kwa msambazaji mmoja, ambaye hajalipa. Kwenye hesabu mtu akikukopa akaahidi kulipa, deni lake unaliandika kuwa mali yako, na mali hiyo ndiyo iliyokuwa imekibeba kiwanda. Risiti akaenda kumtafuta huyo msambazaji. Akakuta ghala limefungwa kwa kufuli lenye kutu, na majani yameota mlangoni hadi magotini. Fundi wa kuchomelea vyuma jirani yake akamwambia wale watu walihama zamani, na akamuuliza kama anatafuta geti.

Meneja fedha wa kiwanda alipoulizwa, alitabasamu. Wamehamia mahali pakubwa zaidi, akasema, na akatoa barua ya msambazaji yenye muhuri: deni tunalitambua, tutalipa. Alikuwa mtu mpole huyo meneja, wa kukuuliza hali za watoto kwa majina yao. Risiti anasema kama angekuwa mkorofi mambo yangekuwa rahisi.

Angeweza kukataa. Mkaguzi anaruhusiwa kuandika kwamba deni hili siliamini, na kwa hiyo hesabu hizi siziamini. Lakini barua ilikuwepo, muhuri ulikuwepo, hisa zilikuwa zinasubiri kuuzwa, wakubwa wake walikuwa wanasubiri, na ndiyo kwanza alikuwa anatia sahihi kwa jina lake. Akachagua njia ya katikati. Hesabu atazipitisha, ila jambo la yule mteja ataliwekea aya yake peke yake ndani ya ripoti. Kwa namna hiyo, alijiambia, kila mtu ataona na kila mtu ataamua mwenyewe. Akaiandika, maneno ya kawaida kabisa, na akalala vizuri siku hiyo.

Kisha wakaketi mezani, yeye, mkubwa wake na meneja fedha, na aya ikaanza kunyolewa. Kwanza liliondoka kufuli. "Kufuli si lugha ya ripoti," mkubwa wake akasema, na kweli si lugha ya ripoti. Majani ya mlangoni yakafuata. Mteja mmoja akawa "mkusanyiko". Pale aliposema hana ushahidi, meneja fedha akauliza kwa upole wake kama isingefaa kusema "makadirio". Ilifaa. Kila badiliko peke yake lilikuwa dogo, na kila moja lilikuwa na sababu. Hakuna hata neno moja la uongo lililoingia. Risiti aliniapia hilo, na namwamini, na ndilo hasa linalomla mpaka leo. Mwishoni ikasomeka hivi:

"Upimaji wa urejeshekaji wa stahiki za kibiashara, kwa kuzingatia mkusanyiko wa hatari ya mikopo ulioelezwa katika tanbihi ya kumi na nane, ulihusisha kiwango cha juu cha makadirio ya menejimenti, na kwa sababu hiyo ulipewa umakini wa pekee katika ukaguzi wetu."

"Imekaa vizuri sana," mkubwa wake akasema. Risiti akaisoma tena kabla ya kutia sahihi. Akamfikiria mama. Alimwona kabisa, aliniambia, na miwani yake, na kidole chini ya mstari. Akajua hataelewa. Na alichokihisi wakati ule hakikuwa huzuni wala woga, kilikuwa nafuu.

Mkutano wa wanahisa ulifanyika kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyovikwa vitambaa vyeupe, chupa ya maji kwa kila kiti cha mbele, na wa nyuma wajijue. Nilimsindikiza mama. Nilimsuka mwenyewe, nikampaka mafuta, akavaa blauzi ambayo tulikuwa tunaiona kwenye harusi tu. Wastaafu wenzake walijaza safu nzima: wafungaji, wachanganyaji, na mzee mmoja mrefu aliyekuwa mtu wa boila, ambaye kelele za mvuke ziliharibu masikio yake, kwa hiyo huongea kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Walimwachia mama kiti cha katikati. Siku hiyo yeye ndiye alikuwa bibi harusi.

Zamu ya ripoti ya mkaguzi ilipofika, mwenyekiti wa bodi akasema maneno ya kila mwaka. "Ripoti mnayo mikononi. Tukubaliane kwamba imesomwa?" Watu wakaanza kuitikia. Huwa haisomwi, zile ni kurasa za kupepea uso. Mama akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi naomba isomwe," akasema. "Aliyeiandika ni mwanangu. Nimemsomesha kwa sabuni ya kiwanda hiki hiki, na sijawahi hata siku moja kumsikia akisoma kazi yake."

Ukumbi ukacheka kwa furaha. Makofi yakapigwa, mwenyekiti mwenyewe akatabasamu. Hakuna aliyeshuku kitu, na mama ndiye wa mwisho kushuku. Alitaka tu kusikia sauti ya mtoto wake kwenye kipaza sauti, mbele ya watu waliomjua akija kumsubiri getini na kaptula iliyotoboka. Nilimtazama Risiti akiinuka, nikadhani uso ule ni wa haya. Nilijawa na fahari hata mimi, nilimsahau yule wa sukari.

Akasoma. Ana sauti nzuri kaka yangu, nzito, isiyo na haraka. Mama alifumba macho. Kila lilipopita neno gumu alitikisa kichwa kidogo kwa raha, namna mtu anavyofuata wimbo anaoupenda. Alipofika kwenye ile aya, Risiti alipunguza mwendo. Nilidhani anaipa uzito wake. Kumbe alikuwa anangoja, ndivyo alivyoniambia, mtu amsimamishe.

Na mtu akasimama. Ripoti ilipokwisha, mzee wa boila akainuka. "Hapo katikati," akasema kwa ile sauti ya ng'ambo. "Hapo kwenye mkusanyiko. Ni mkusanyiko wa nini?"

Watu wakacheka tena, mwenyekiti akamgeukia Risiti. "Mkaguzi, labda umfafanulie mzee kwa kifupi."

Meneja fedha alikuwa anamtazama kwa upole. Mkubwa wake alikuwa anatazama kalamu yake. Mama alikuwa amefumbua macho anasubiri, na usoni mwake hamkuwa na chembe ya wasiwasi. Risiti alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ni eneo ambalo tumelitazama kwa makini kuliko yote," akasema.

Nayo ilikuwa kweli. Mama akamgeukia mzee wa boila, akamgonga goti. "Umesikia? Kwa makini kuliko yote. Huyu akitazama kitu, kimetazamwa." Mzee akakaa. Nusu ya safu ile ilikuwa haijaamua kama itanunua hisa mpya. Walipomaliza soda walikuwa wameamua, na foleni ya kununua ilianzia kwa mama. Aliweka yote. Risiti alitoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, tukasema ana kazi nyingi.

Baada ya hapo kaka yangu akawa mtu wa ajabu. Kwa mama alikuja kila wiki, na kila akija ana mzigo: feni, shuka, godoro jipya. Akaleta fundi akabadilisha bati lote la jikoni. Mama akafurahi, mimi nikaudhika, maana nikija na mkate wangu ilionekana nimekuja mikono mitupu. Lakini mwenyewe hali. Anaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mama akizitaja hisa zake, anakwenda chooni. Siku moja nikamuuliza kwa utani, "Wewe umeua mtu?"

"Bado," akanijibu, halafu akajaribu kucheka.

Baadaye nilimuuliza kwa nini, kama roho ilikuwa inamuuma hivyo, hakumnong'oneza mama aziuze. Akasema angemuuzia nani? Angemuuzia mtu mwingine, ambaye naye ana mama. Hilo likanizidishia hasira.

La kuvunda halina ubani. Mishahara ilianza kuchelewa pale kiwandani, kisha mkanda ukasimama, kisha magari ya benki yakaja kuchukua mashine. Msambazaji hakulipa hata senti. Ikagundulika kwamba alikuwa hana kitu tangu zamani, na ile barua yenye muhuri ilichapwa kwenye kompyuta ya humo humo kiwandani. Hisa za mama zikawa karatasi. Alikaa kitandani na zile hati mapajani, akizinyoosha kona kwa kidole kilichopinda. Nililia mimi. Ule ulikuwa uzee wake, na sasa uzee wake ulikuwa unategemea nywele za watu ninazosuka.

Bodi ya wakaguzi ikamwita Risiti. Nilidhani watamnyang'anya leseni. Wakafungua ripoti, wakaikuta aya. Jambo lilitajwa, wakasema. Wanahisa waliarifiwa. Tena ripoti ilisomwa hadharani, kitu ambacho si cha kawaida, na kumbukumbu za mkutano zinaonyesha kwamba mwanahisa mmoja aliuliza swali akajibiwa. Basi wakamsafisha. Ofisini kwake wakampa mkono, na mkubwa wake akamwambia, "Unaona? Ile aya imekuokoa." Lakini Risiti alijua kilichomwokoa. Ni mama kunyoosha mkono.

Alikuja nyumbani siku mbili tatu baadaye, mchana, nimemkalisha mama kwenye kigoda namfumua nywele. Safari hii hakubeba kitu. Alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, mama akamwambia aketi, na kabla hajaketi vizuri akamshika mkono.

"Nimesikia wamekusafisha," mama akasema. "Nimeshukuru Mungu. Sasa na mimi nina langu, nisikilize, usinikatize. Nisamehe, mwanangu."

Risiti akaviweka viatu chini.

"Ulituambia," mama akaendelea. "Ulisimama mbele yetu ukatuambia, na mimi niliyeomba usome, ndiyo kwanza nilikuwa nafurahia sauti. Maneno sikuyasikiliza. Yule mzee akauliza, mimi nikamkalisha. Nimekwenda kwake jana. Nimekwenda kwa wenzangu wote, mlango kwa mlango, nimewaambia mtoto alisema, mjinga ni mimi. Usije ukadhani kuna anayekulaumu."

Nilikuwa nimeshika kitana nikasahau kukitumia. Sijawahi kuona mtu mzima akivunjika vile. Alitikisa kichwa, hapana, hapana, akateremka kwenye kiti akapiga magoti kwenye sakafu, kati ya nywele za mama nilizozidondosha.

"Hukuwa mjinga, shangazi," akasema. "Iliandikwa vile ili msielewe."

"Iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Ulijua nitakuwepo?"

"Nilijua."

Mimi ndiye niliyefyatuka. Nilimwita majina ambayo hata saluni hayasemwi, nikamuuliza kama hayo mafuta ya taa aliyokuwa anayalinda akiwa mtoto yalikuwa na thamani kuliko mama, na ningeendelea kama mama hangeinua mkono. Ndipo Risiti akayasema yote: mzee wa juu ya duka la viatu, ghala, barua, ile meza. Akasema atamrudishia pesa yake yote, hata kama ni kwa kuuza kiwanja chake. Mama akasema, "Pesa sijakuuliza." Nilimwonea huruma kaka yangu na nikamchukia, vyote kwa pamoja, na sikujua kipi kianze.

"Basi iseme sasa," mama akamwambia. "Ile aya. Iseme namna ambavyo ungeniambia mimi."

"Haina maana tena, shangazi. Maji yameshamwagika."

"Iseme."

Risiti akajifuta uso kwa kiganja. "Karibu nusu ya mauzo ya kiwanda amekopeshwa mtu mmoja," akasema. "Nimekwenda kwake nimekuta kufuli, na majani yameota mlangoni. Sina ushahidi kwamba atalipa. Asipolipa, kiwanda kitakufa."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na nilitamani angekasirika.

"Hii ningeielewa," akasema.

Kisha akauvuta mtandio wake, akajifunga juu ya nywele zilizofumuliwa nusu, akainuka kwa kushika bega la Risiti, maana magoti yake hayafai tena.

"Vaa viatu," akamwambia. "Tunaanza kwa mzee wa boila. Jana alinifariji sana."